Jua la Kharumwa na Harusi Nisiyoiona

Niliporudi, walimu wenzangu, mliniuliza safari ilikuwaje, nikasema "nzuri tu," nikaingia chumbani nikafunga mlango. Hamkuuliza tena. Lakini nawaona mnavyoitazama pua yangu inavyobanduka ngozi, na mnavyokatisha mazungumzo ninapoingia chumba cha ushonaji. Basi nawaandikia, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitalia, na kulia nimechoka. Habari za ruhusa na tiketi naziacha, kila mmoja wenu anajua taabu yake.

Mnanijua nilivyo. Nilizaliwa zeruzeru katika nyumba ya Wasukuma, wakulima wa pamba na mpunga. Baba alinipeleka kwa masista nikiwa bado mdogo, ili nisiungue shambani, na huko ndiko nilikoijua cherehani. Ukungu wa hapa Lushoto umenidekeza. Kuna miezi natoka hadi sokoni bila mwavuli, nasahau kabisa kwamba nina ngozi ya kuogopa.

Mdogo wangu Milembe alikuwa anaolewa, huko kwetu Kharumwa. Mama yetu alifariki Milembe akiwa hajaanza hata kutambaa, na kabla sijapelekwa kwa masista mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Gauni lake mliliona, lile la mikono mirefu lenye maua madogo kifuani, nililolishona jioni baada ya kazi mkanicheka kwamba nitapofuka. Nililikunja ndani ya shuka safi, nikaondoka nalo.

Treni hadi Shinyanga

Hadi Tabora sina la kulalamika. Baada ya Tabora treni ilisimama porini, mahali pasipo hata kibanda, ikakataa kuondoka. Injini imeharibika, wakasema. Tulikuwa mwishoni mwa kiangazi, majani yamekauka yote, na lile behewa la chuma likaanza kupata moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Wengine walishuka wakakaa kwenye kivuli cha treni. Mimi niliona mwanga ule unavyopiga kokoto, nikabaki ndani. Nilikuwa nimevaa kama ninavyovaa siku zote nikienda kwenye jua: mikono mirefu, soksi, kanga shingoni, kofia pana. Taabu ya ngozi yangu ndiyo hiyo. Nikijifunika nachemka, nikijifunua naungua. Mchana ulipokuwa unakwisha, harara ilikuwa imeanza shingoni na makwapani, vipele vidogo vyekundu vinavyochoma kama vile mtu ananichoma kwa sindano nyingi nyembamba kwa pamoja.

Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye kikapu cha mayai ya kuchemsha. Alikuwa amenitazama kwa muda mrefu, na kofia yangu, na soksi zangu.

"Sista," akasema, "tuombee treni iondoke."

"Mimi si sista, mama. Ni mwalimu wa kushona."

"Omba hivyohivyo."

Nikaomba. Treni haikuondoka. Akanipa yai, akaniambia nisivunjike moyo, huenda niliomba nikiwa nimechoka, nikacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka kwa raha katika safari hii, kwa hiyo nimekitunza.

Tulifika Shinyanga siku iliyofuata. Nilitafuta poda madukani, hakuna. Sabuni ya kuogea, hakuna. Muuza duka mmoja alinionyesha rafu zake zilizobaki na viberiti na majani ya chai, akasema, "Chagua upendacho." Ile dawa nyeupe ya kupaka niliyopewa na muuguzi wetu nikaanza kuipaka kidogokidogo, usoni tu, ili inifikishe.

Kushushwa Tinde

Basi la Kahama liliondoka asubuhi. Nilimwomba kondakta anibadilishie kiti, nikae upande usio na jua.

"Dada, jua ni la wote," akasema, akaendelea kupanga mizigo.

Nikafunika dirisha kwa kanga. Jua likapita katikati ya nyuzi, likanikuta. Jasho likatoka, na jasho likiingia kwenye harara hakuna binadamu anayeweza kutulia. Nilijizuia, kisha mkono ukaenda wenyewe shingoni nikajikuna. Kanga ikashuka.

Kijana aliyekaa kando yangu aliona shingo. Akasimama ghafla.

"Huyu ana surua!"

"Siyo surua," nikasema. "Ni harara tu, joto hili."

"Harara gani hadi masikioni?"

Basi zima likageuka. Siku zile kulikuwa na habari za kipindupindu upande wa ziwani, na watu walikuwa na woga wa kila kitu. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso kwa kitenge. Mwingine aliuliza, bila hata kushusha sauti, kama mazeruzeru huwa wanazaliwa nayo. Nilimweleza kondakta taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba ngozi yangu haivumilii jua, kwamba nimejifunika sana, na kwamba vipele hivi haviambukizi. Alinisikiliza. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenitukana.

"Dada, mimi nakuelewa," akasema. "Lakini abiria wangu hawa wote watashuka. Wewe uko mmoja."

Wakanishusha Tinde, mzigo ukafuata. Basi likaondoka na vumbi lake, nikabaki kando ya barabara juani, nimekumbatia gauni la harusi ili lisichafuke.

Kwa Mama Kulwa

Palikuwa na kibanda cha nyasi na mwanamke mnene akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, pamoja na uji. Nikamsogelea nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Alikuwa ameniona nikishushwa. Aliitikia, lakini alirudi nyuma hatua.

"Wamesema una nini?"

"Surua."

"Njoo nione."

Nikasimama mbele yake nikashusha kanga, kama mtoto anayekaguliwa shuleni. Alinikagua shingo, akaniambia nifungue kinywa, akatazama macho, kisha akaweka kiganja chake chenye ugumu wa jembe juu ya kipaji changu cha uso.

"Hii si sulua," akasema. "Sulua nimeuguza watoto saba. Hii ni joto."

Alivyotamka "sulua" kwa lafudhi ya nyumbani kwetu, nilikaa kwenye gunia lake la michembe bila kuombwa.

Huyo ndiye Mama Kulwa. Alinipeleka chumbani kwake, nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, na ndani mlikuwa na ubaridi kama wa mtungini. Alichemsha majani ya mwarobaini, akaacha maji yapoe kabisa, akanipa beseni na kitambaa safi cha pamba. "Usisugue," akasema. "Gandamiza tu. Halafu kaa bila nguo, hapa ndani hapana mtu." Nikakaa gizani na kanga tu, upepo ukipita chini ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu Tabora sikuisikia ngozi yangu.

Alinipa uji wa mtama na maziwa ya mgando. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia Kharumwa, kwenye harusi ya mdogo wangu, nikamwonyesha gauni. Alifuta mikono mara mbili kabla ya kuligusa.

"Watakupokea kwa ngoma," akasema.

Nikaitikia ndiyo. Niliamini.

Nilikaa kwake hadi vipele vikanywea. Alikataa nilichompa, akakubali tu kipande cha kitambaa nilichokuwa nacho, akasema atamshonea mjukuu.

Juu ya magunia ya pamba

Mama Kulwa ndiye aliyenitafutia lori, lililokuwa linapeleka magunia matupu ya pamba vijijini, likipitia Kahama na machimbo. Dereva alikuwa jamaa yake.

Hapo ilibidi nichague. Ndani, kando ya dereva, kuna kivuli, lakini injini iko miguuni na joto lake linapanda mapajani. Juu kuna upepo, lakini hakuna kitu kati yako na jua. Nilianza ndani. Kabla hatujafika Kahama harara ilikuwa imerudi yote, imeleta na jamaa zake mgongoni. Baada ya Kahama nikapanda juu, nikajifunika kanga mbili na gunia moja.

Huko juu walikuwa wachimbaji, vijana wanaokwenda mashimoni kutafuta dhahabu, na sururu zao zimefungwa kwa kamba. Waliniachia nafasi nzuri, penye magunia mengi. Tukala nao karanga. Kisha mmoja, mwenye meno mazuri na sauti ya upole, akasema:

"Dada, nikushike mkono."

"Wa nini?"

"Shimo langu limekauka tangu masika. Wanasema ukimshika mtu kama wewe, bahati inarudi. Kushika tu."

Wenzake wakacheka, lakini si kicheko cha mzaha. Walikuwa wanangoja kuona kama nitakubali.

"Mimi mwenyewe nimeshushwa kwenye basi," nikamwambia. "Ningekuwa na bahati ningeanza kuitumia mimi."

Akaona aibu, akageuka. Lakini tangu hapo nilikaa nimeficha mikono chini ya gunia, na sikulala.

Tairi lilipasuka kwenye mbuga isiyo na mti. Jeki ilikuwa mbovu, wakalazimika kukusanya mawe. Niliketi chini ya lori, kivuli kikahama, nami nikahama nacho, hadi dereva akasema nitoke, lisije likateleza likanilalia. Nikasimama na kanga kichwani. Mikono ilikuwa inazishika kanga, kwa hiyo mikono ndiyo iliyobaki nje. Jioni ile tulipofika Kharumwa migongo ya mikono yangu ilikuwa imevimba na kuwa myekundu kama nyama, na midomo imepasuka. Lakini gauni lilifika bila hata doa.

Nyumba ya uani

Milembe alikuja mbio, akanikumbatia, nikapiga kelele ya maumivu. Akaniachia. Akanitazama vizuri, na nikaona uso wake unabadilika. Nilidhani ni huruma.

Shangazi Kabula, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa shughuli. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia, akanishika kiwiko, akanizungusha moja kwa moja hadi uani. Kulikuwa na chumba kipya cha kuwekea mpunga, kilichoezekwa kwa mabati. Ndani wameweka mkeka na mtungi wa maji.

"Utapumzika hapa," akasema. "Hali yako si nzuri."

"Nitapumzika usiku huu. Kesho nimvishe Milembe."

Akanyoosha mkeka kwa mguu. "Tereza, mwanangu. Wale wa upande wa mume wanatoka Ushirombo, Wasumbwa, watu wa kanisani sana. Wanafika kesho asubuhi. Hawajui habari zako."

"Habari zangu zipi?"

"Hizo. Wakikuona watasema ukoo huu una kasoro, watoto watazaliwa hivyo. Hata kama ungekuja mzima wangesema, sembuse na uso huo. Kesho tu. Wakishafunga ndoa, imekwisha."

Nikauliza baba anasemaje. Akasema baba amekubali. Nikauliza Milembe anasemaje.

Milembe alikuwa amesimama mlangoni. "Dada, ni siku moja tu," akasema, akiangalia chini. "Naomba."

Nilimpa gauni.

Baba alikuja baadaye na bakuli la ugali wa muhogo na mlenda. Mnamjua kwa maneno yangu tu, Mzee Masanja, mtu wa maneno machache. Aliketi kwenye gunia la mpunga hadi nilipomaliza kula. "Mikono inauma?" akauliza. Nikasema inauma. Akatikisa kichwa, akachukua bakuli, akaenda.

Siku yenyewe

Jua likipanda, bati lilianza kulia, tik, tik, kama linavyofanya likipata moto. Saa za kanisani nyumba ilikuwa tupu, nikatoka nikakaa nyuma ya chumba penye ufito wa kivuli. Kwa mbali nilisikia kengele, kisha vigelegele. Nilijua hapo ndipo Milembe anatoka mlangoni. Nilijaribu kukumbuka kama mshono wa kwapa la kushoto niliurudia mara mbili.

Waliporudi ilinibidi niingie ndani, nifunge mlango. Sijui niwaeleze vipi joto lile. Nilivua nguo zote nikabaki na kanga moja, nikailowesha, ikakauka, nikailowesha tena hadi mtungi ukaisha. Harara ilinienea kifua na tumbo. Mikono iliyoungua ilikuwa na malengelenge, na kila jasho lilipoyafikia niliuma kanga nisije nikatoa sauti. Nje walikuwa wanacheza, na sauti za akina mama zilipita karibu na ukuta.

"Gauni hilo limeshonwa wapi?" mmoja aliuliza, kwa Kiswahili cha kule Ushirombo. "Sijaona kazi kama hiyo."

"Mwanza," nikasikia Shangazi Kabula akijibu. "Kuna fundi mmoja Mhindi."

Hapo ndipo niliposimama. Msidhani nilitaka kufanya fujo. Nilitaka maji. Nikavaa gauni langu la kawaida, nikajifunika kichwa, nikatoka hadi kwenye mitungi iliyokuwa nyuma ya jiko. Nilikuwa nimeinama na kata mkononi niliposikia mtu akisema, "Karibu basi, mbona unakunywa peke yako?"

Alikuwa yule mwanamke wa sauti ile. Baadaye nilijua ni mama mkubwa wa bwana harusi. Alinitazama uso, mikono, akavuta pumzi. "Yesu wangu, umeungua. Wewe ni nani wa hapa?"

Nyuma yake, kwenye kona ya nyumba, nilimwona Milembe na gauni lake jeupe. Alikuwa ameganda, mkono mmoja ukutani. Macho yake nayajua tangu nilipokuwa nikimbeba.

"Mimi ni mshonaji," nikasema. "Nililetwa kurekebisha gauni."

"Aa! Kumbe fundi. Lakini unafanana na bibi harusi, hapa kwenye mdomo."

"Watu hufanana, mama."

Akanimiminia maji mikononi mwenyewe, taratibu, akanipulizia, akadhani ni moto ulioniunguza, akaniambia nisikae tena kwenye jiko la watu. Kisha aliitwa kwenye keki. Milembe naye hakuwapo tena pale pembeni.

Kurudi

Asubuhi iliyofuata wageni walikuwa wanafunga mizigo, na lori la magunia lilikuwa linapita kurudi Kahama. Baba alikuja chumbani, akachukua mzigo wangu, akasema, "Twende mbele." Sikumwelewa. Akanishika bega, palipokuwa hapajaungua, tukatoka kwa mlango mkubwa, mbele ya wote, wazee wa Ushirombo wakiwa wameketi kwenye viti wakinywa chai.

"Huyu ni binti yangu wa kwanza, Tereza," akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ndiye aliyemlea Milembe. Gauni lile ni kazi yake."

Shangazi Kabula aliweka birika chini. Nilimtazama baba, nikamhurumia. Lakini ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa. Hata katika huruma ile sikuweza kuacha kulifikiria hilo.

Bwana harusi alisimama. Anaitwa Petro, kijana mrefu, karani wa ghala la pamba. Alinitazama, akamtazama mkewe.

"Milembe," akasema, "uliniambia dada yako alikufa."

Milembe alijifunika uso kwa kanga mpya.

"Sikufa," nikasema. "Nilikuwa uani."

Yule mama mkubwa alisema, "Mungu wangu," akakaa. Mimi nikaenda zangu barabarani. Baba alibaki amesimama palepale na mikono yake mitupu, kwa sababu Petro alikuwa amemnyang'anya mzigo na kunifuata. Alitembea upande wa jua, ili kivuli chake kinipate. Sijui kama alifanya kwa kukusudia.

Tulipofika kwenye lori akasema, "Shemeji, mimi nisingeacha kumwoa. Nataka ujue. Hata angeniambia siku ya kwanza. Nyumbani kwetu hakuna ambaye angesema neno."

Nikasema ahsante, nikapanda ndani, kando ya injini.

Nilitamani asingeniambia. Njia nzima hadi Kahama, na kwenye treni, na hadi nilipoona milima yenu, nililifikiria neno lile. Angeniambia kwamba angemwacha, ningejua Milembe aliniuza kwa bei ya haki, naye shangazi angekuwa na sababu, na baba pia, na pengine Krismasi ningewasamehe. Sasa nimeungua bure. Waliniweka kwenye bati kwa ajili ya woga ambao hakuna aliyewahi kumuuliza Petro mwenyewe kama ni wa kweli.

Shingo imepona. Mikono inabadilika rangi, muuguzi anasema itabaki na madoa. Jana Milembe alituma salamu kwa mtu aliyetoka huko, ananiomba nimshonee nguo nyingine. Sijajibu. Msinishawishi.